MREJESHO: Saa tatu zangu za kusubiri treni Köln

Wakuu, niliuliza nifanye nini karibu na stesheni kuu ya Köln, Ujerumani, nikiwa na saa tatu tu kati ya treni na treni. Nimerudi salama.

Begi nililiacha kwenye mashine palepale stesheni. Inalimeza, linaenda kuhifadhiwa chini ya ardhi, unabaki na tiketi yako tu. (Nilikodoa macho dakika nzima.) Aliyesema kanisa kuu liko jirani alipunguza chumvi: ukitoka nje tu limekuziba anga, minara ya takribani mita 157. Ujenzi ulianza 1248, ukakamilika 1880! Ndani nilitafuta dirisha la msanii Mjerumani Gerhard Richter la 2007, lenye vipande vya kioo zaidi ya 11,000. Jua lilipochomoza, rangi zikamwagika ukutani na sakafuni kama khanga zilizoanikwa. Nilikaa hapo zaidi ya nilivyopanga, wala sijutii.

Mnarani ndipo nilipojua sina pumzi. Ngazi 533, za mzunguko, nyembamba, na wanaoshuka mnapishana nao humohumo. Mwenye magoti mabovu aangalie kutokea chini, inatosha.

Daraja la Hohenzollern, la kuvuka mto Rhine, nililifikia nusu, nikatazama makufuli yasiyohesabika ambayo wapendanao huyafunga kwenye uzio wake, nikageuka. Makumbusho mliyonitajia sikuyawahi.

Nilirudi kwenye treni zikiwa zimebaki dakika sita, miguu inatetemeka. Asanteni, hasa wewe uliyesisitiza nivae raba.