Naomba ushauri: basi lililoponea chupuchupu Kitonga

Habari zenu ndugu zangu. Jana mchana tukipanda mlima Kitonga kwenda Iringa, basi la abiria lililokuwa mbele yetu lililipita lori kwenye kona, huku semitrela inashuka. Dereva wa lori akabana kabisa kwenye ukingo wa mlima, ndiyo pona yao, maana upande wa pili ni korongo. Basi halikusimama. Lilikuwa na watoto, bado roho inaniuma.

Namba za basi na saa ninazo, picha sina. Trafiki tuliyemkuta mbele alisikiliza, akasema ushahidi hautoshi.

Je, mfumo wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) wa kufuatilia mabasi unaonyesha mwendo tu, au hata kuovateki? Na nianze kwao au kwa mmiliki?