Laptop nyembamba ya "kazi ya kila siku": kila siku ya nani??

Bandugu niko na kasirani, muniache niseme yote mara moja. Mwezi mbili imepita nilinunua laptop mu Birere, hapa Goma, dola 240 kash, mupya mu karto yake, nyembamba sawa daftari ya shule. Ni ya dada yangu mudogo, anaandika TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo ya iniversite, huu mwaka. Mwenye duka akaniambia "peti, hii njo bintu ya sasa, haina kelele, haina uzito, utanishukuru." Nilimushukuru kweli, ile siku tu.

Marki sitaitaja, juu hizi za bei hii zote ziko ndugu, ukifungua ndani unakuta damu moja. Prosesa Celeron N4020, ya Intel ya mwaka 2019, kori mbili. RAM, ile memwari ya kufanyia kazi, giga 4. Disk giga 64. Na hapa ku disk njo tukae kidogo, juu hapa njo balinimaliza.

Mwenye duka alisema SSD, ile disk ya mbio. Si SSD. Ni eMMC, yaani sawa karte memwari ya telefone bameibandika ku plake, ile kubwa ya ndani, moja kwa moja. Ku karto ni 64, ukiwasha unaona 59 hivi, Windows 11 inakula karibu nusu mbele haujaweka ata Word. Kisha mizajuri, ile Windows kujifanya mupya, inakuja, inaomba nafasi, nafasi hakuna, inashindwa, kesho inajaribu tena, na kila mara ni megabaiti zangu inakula. Huku hatuna waifai ya kufungua sawa maji ya robine, tunanunua forfe giga moja moja na tunahesabu! Siku ya mungu jioni niliweka giga 3, asubui zimeisha na mizajuri haikuingia.

Na ile 4 na 64 haikutoka hewani. Njo kipimo ya chini kabisa Microsoft iliweka kwa Windows 11 wakati ilitoka mu 2021. Balichukua ule mustari wa chini na bakajenga pale pale juu yake, ni sawa kununua kiatu ya kipimo ya mguu kamili bila nafasi ya soksi.

Nikasema sawa, nitaongeza RAM nibadilishe disk. Nikaipeleka kwa fundi kule Majengo, kijana anajua kazi, akafungua kifuniko ya chini akaniangalia na ile macho ya munganga mbele aseme jambo mubaya. "Yaya, hapa hakuna kitu ya kutoa. RAM imesudiwa, disk imesudiwa, bameziunguza ku plake na risasi." Yaani ule wembamba nilikuwa nasifia njo huu, balitoa kila fasi mutu angeingiza kitu! Siku disk itakufa, plake nzima imekufa nayo.

Sasa batu ba YouTube banasema eti "ni nzuri kwa matumizi ya kila siku". Kila siku ya nani? Ya mutu ule vitu vyake vyote biko mu intaneti, faili huko, filme huko, yeye mashini yake ni dirisha tu. Kwake giga 64 inatosha, sikatai. Kwetu kila kitu iko mu mashini ao ku kle USB: PDF za kozi, filme za jirani, mafaili ya kupeleka ku sekretaria kuchapisha. Dada yangu ameshafuta picha zake zote juu Word ikubali kurejistre, yaani kuchunga kazi yake. Picha za marehemu bibi yetu ziko ku kle USB moja tu sasa, na bic ile bameandika juu inaanza kufutika.

Klavye nayo ni kwerti, ile ya Kiingereza! Mutoto amesoma na azerti, ile ya Kifaransa, tangu sekondari, ma-aksenti hayaoni, direkteri wake wa TFC alimurudishia karatasi zote na bic nyekundu. Ndiyo najua, mu Windows unageuza ikuwe ya Kifaransa, niligeuza, sasa anagonga Q inatoka A. Ekra siisemi, ukiinama kidogo rangi zinageuka.

Nisikuwe mubaya kwa yote: haina vantilateri, na hii vumbi yetu nyeusi ya lava ni faida, betri nayo inafika masaa tano kuran ikienda. Lakini betri ya masaa tano ya kungojea Chrome ifungue, ni ya nini?

Nikarudi ku duka. Nilisalimia vizuri, "muzee, ulisema SSD". Ananiambia "eMMC na SSD ni mutu na ndugu yake." Ndugu gani?! Kisha ananionyesha faktire chini kabisa, maandiko ya siafu: bintu imeuzishwa hairudishwe wala haibadilishwe. Garanti siku 7.

Kile kinaniuma ni jirani. Yeye alinunua ThinkPad T480 okazyo, ya mukono ya pili, dola 260, nene, imekwaruzwa, nilimucheka mbele ya batu. Ni mashini ya 2018 lakini yake iko na prosesa i5 ya kizazi ya 8, kori 4, fasi mbili za RAM, disk unaibadilisha, na betri mbili, ile ya inje unaitoa mashini ikiwa inawaka. Juzi dada yangu alienda kuazima ile ile juu amalize chapitre ya 2. Jirani hakusema kitu. Alicheka tu.

Basi kama kuna mwenye T480 ao kitu ya vile hapa Goma, azerti lakini, aniandikie pevu, mimi peke yangu. Ile nyembamba siiuzishi, huu muji ni mudogo, mutu atanitafuta.