Jiografia na Mazingira kwa masafa: mtihani mtupu au asaimenti na kambi ya uwandani?

Mlima_na_Bonde: Wakuu, nimedahiliwa vyuo viwili, vyote kwa masafa, shahada ya kwanza ya jiografia na mazingira. Cha kwanza unajisomea mwaka mzima, halafu kila somo mtihani mmoja wenye alama zote. Cha pili kina asaimenti, mkufunzi wa kusahihisha, na kambi ya uwandani ya lazima. Natakiwa kuthibitisha nafasi mwisho wa mwezi. Nichukue kipi?

Kontua: Hujasema shahada unaitakia nini. Ualimu? Ramani? Tathmini ya athari kwa mazingira? Kozi mbili zinaweza kuwa na jina hilohilo, moja ikawa hidrolojia (elimu ya maji), udongo na tabianchi, nyingine miji, uchumi na sera. Weka orodha ya masomo ya mwaka wa 2 na wa 3 hapa, ndipo tuongee.

Changarawe: Na ratiba yako? Umeajiriwa? Likizo ya kwenda kambini utaipata? Ithibati ya vyuo vyote viwili umeihakiki?

Bi_Tabaka: Mimi nasema cha pili. Jiografia haisomwi kwa macho ya kitabuni tu. Kutofautisha tabaka za udongo kwenye shimo, kuona mto ulihama wapi, hayo yanataka mtu mwenye uzoefu asimame kando yako akuoneshe.

Mtahiniwa: Dada Bi_Tabaka, tusiudharau mtihani. Chuo Kikuu cha London kinatahini watahiniwa wa nje tangu 1858, na watu wengi wamepata shahada nzito kwa njia hiyo. Anayefanya kazi kwa zamu atazikosa tarehe za asaimenti. Mtihani una tarehe moja inayojulikana mapema, unajipanga.

Changarawe: Kuhusu kambi, ngoja niseme yaliyonikuta, maana bado yananiuma. Chuo nilichosoma, sitakitaja, kilitangaza kambi ya lazima. Nikaomba ruhusa kazini, nikalipia usafiri. Siku chache kabla, ujumbe ukaja: imeahirishwa. Tukapewa tarehe mpya, nayo ikaahirishwa. Mwishowe tukaambiwa tuandike ripoti kutokana na machapisho ya watu wengine, na alama zikaingia. Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamili, nikaulizwa: vipimo vya uwandani ulichukua wapi, kwa vifaa gani, nani alikusimamia? Sikuwa na jibu, nafasi ikapita. Kwa hiyo mleta mada, waandikie chuo cha pili na wakujibu kwa maandishi: kambi hufanyika lini, nani analipa nauli na malazi, ikiahirishwa inakuwaje, na usipohudhuria kuna mbadala gani.

Bi_Tabaka: Pole sana ndugu. Lakini hilo ni kosa la chuo kile, si la kambi.

Kontua: Hata asiye na kambi anaweza kupima. Chukua kijito salama, kisicho na kina. Pima mita 10 kando ya maji, achia kitu kinachoelea, hesabu sekunde, rudia mara kadhaa. Gawa mita kwa wastani wa sekunde, hiyo ndiyo kasi. Izidishe kwa 0.85 hivi, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kisha zidisha kwa eneo la mkato wa mto: upana mara wastani wa kina. Umepata mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde.

Bi_Tabaka: Na nani atakwambia umepima mahali pabaya?

Mtahiniwa: Siku hizi nusu ya kazi iko angani. Kumbukumbu ya picha za setilaiti za Landsat inaanzia 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure. Za setilaiti za Sentinel-2 nazo bure, hadi mita 10 kwa pikseli, yaani kinukta kimoja cha picha. Unafuatilia msitu au ufuo ukiwa mezani.

Bi_Tabaka: Pikseli inakwambia kijani kimepungua. Haikwambii kama ni ukame, moto au shoka. Lazima mtu aende akaone.

Mlima_na_Bonde: Asanteni. Nafanya kazi kwa zamu, ndiyo. Nataka zaidi upande wa ramani. Je, lazima ninunue ArcGIS, ile programu ya ramani?

Kontua: Hapana, kuna QGIS, programu ya kazi hiyohiyo, ni bure na inatosha kabisa kwa shahada ya kwanza.

Changarawe: Angalia kwanza chuo kinafundishia ipi. Vyuo vingi vinavyotumia ArcGIS huwapa wanafunzi leseni. Ukifuata mwongozo wa programu moja ndani ya nyingine utapoteza muda mwingi.

Kontua: Misingi ni ileile: makadirio ya ramani (namna ya kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa), tabaka za data, majedwali. Ukiijua moja, nyingine haikushindi.

Mlima_na_Bonde: Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Itamudu?

Mtahiniwa: Itahema. GB 8 ndiyo raha. Kigae kimoja cha Sentinel-2, yaani kipande kimoja cha picha unachopakua, kinafunika takriban kilomita 110 kwa 110, usikifungue chote. Kata eneo lako kwanza.

Kontua: Orodha ya masomo bado naisubiri, mkuu.