MREJESHO: Ule wosia wa babu wa mke wangu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini babu wa kale wa mke wangu, mlowezi wa Massachusetts (koloni la Waingereza huko Marekani) karne ya 17, alimpa mwanawe mkubwa mafungu mawili ya mali na wadogo zake moja moja. Kumbe wosia wenyewe haupo! Karatasi tuliyonayo ni orodha ya mali ya marehemu: kitanda cha manyoya, sahani za bati, ng'ombe wawili. Mzee alikufa bila kuusia, mahakama ikafuata sheria ya 1641: mtoto wa kiume wa kwanza anapata maradufu, kama Kumbukumbu la Torati. Mjane aliambulia theluthi ya ardhi, tena ya kutumia tu akiwa hai. Aliyesema nifungue ukurasa wa pili, asante mkuu. Nilikuwa nimeishia wa kwanza.