Mrejesho: vidonge vya asidi ya alfa-lipoiki kwa miguu ya mama

Assalaam aleikum. Niliuliza kuhusu mama yangu, yuko Wete, ana kisukari cha muda mrefu. Nyayo zinamchoma usiku, ganzi imepanda hadi vifundoni, na mjomba alitaka kumletea asidi ya alfa-lipoiki kutoka Dubai, kirutubisho kinachosemwa hutuliza maumivu ya neva zilizoharibiwa na kisukari; nikauliza kama kweli kinasaidia. Ahsanteni mliojibu, hata yule wa mafuta ya habasoda.

Nimezisoma tafiti zenyewe. SYDNEY 2 ya 2006 ilikuwa na wagonjwa 181: waliomeza miligramu 600 kwa siku walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inatia moyo, lakini ni wiki 5 tu, na maradhi haya mtu anakaa nayo umri mzima! NATHAN 1 ndiyo iliyokwenda miaka 4, na kigezo chake kikuu cha matokeo hakikuonesha tofauti ya maana. Mapitio ya 2024 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuzipima tafiti za tiba, nayo yanasema baada ya miezi 6 huenda dalili zisibadilike, au zibadilike kidogo mno.

Kilichonishtua ni swali la daktari: metformini, dawa yake ya kisukari, anaitumia tangu lini? Kumbe ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo pekee unaleta ganzi. Damu ikapimwa, B12 iko chini kweli. Ameanza sindano za B12, lakini nyayo bado zinamchoma.

Mjomba nimemwambia alete viatu vipana, vya kufunika vidole. Juzi mama kakanyaga kigae uani, hakuhisi kitu mpaka alipoona damu kwenye mkeka.