Waya gani unafaa kwa nyumba iliyo karibu na bahari Mikindani?

Mjenzi, Mikindani: Habari zenu, ndugu mafundi. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu, na fundi amependekeza waya wa milimita za mraba 1.5 kwa nyumba nzima, zikiwemo soketi na kiyoyozi, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Je, ni sahihi?

Fundi umeme, Lindi: Ndugu yangu, tafadhali usikubali. Waya huo unatosha taa. Soketi kwa kawaida huwekewa 2.5, na jiko la umeme 6 au zaidi kulingana na nguvu yake. Waya mwembamba ukibebeshwa mkondo mkubwa hupata joto, na ganda lake la plastiki aina ya PVC, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kustahimili nyuzijoto 70 za Selsiasi, hulainika na kuharibika hadi shaba za waya mbili zigusane, jambo linaloweza kuunguza nyumba. Kiyoyozi kipewe waya wake peke yake, wenye breka (swichi inayokata umeme yenyewe mkondo ukizidi) inayolingana nao. Waya wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, wenye rangi ya kijani na njano, usiachwe kamwe.

Mkazi, Mtwara mjini: Naongeza kuhusu chumvi. Upepo wa bahari hula shaba kwenye maungio, hivyo maungio ya nje yawe ndani ya visanduku visivyopitisha maji. Kebo ya kwenda banda la uani ikifukiwa, iwe ile yenye nyuzi za chuma chini ya ganda la nje.

Mjenzi, Mikindani: Nashukuru sana. Je, waya uliokwisha kupitishwa kwenye mabomba ukutani unaweza kuvutwa bila kubomoa plasta?

Fundi umeme, Lindi: Unaweza, mradi mabomba hayajabanwa. Mwambie fundi wako afunge waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani kabla ya kuuvuta.