Tupeane uzoefu: ni nini kilikuonyesha kazi inayoendana na kipaji chako?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane namna kila mmoja alivyoitambua kazi inayomfaa, kwa kuwa vijana wengi hapa Moshi huchaguliwa tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita) kwa kuangalia ufaulu peke yake, na mwenye alama nzuri za sayansi husukumwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ili awe daktari, hata kama hajawahi kuvutiwa na kumhudumia mgonjwa.

Nianze mimi. Nilifaulu baiolojia, na nyumbani wote walitamani nisomee udaktari KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi yenye chuo cha udaktari. Lakini tangu utotoni, tulipokuwa tukikata majani ya ng'ombe kihambani (shamba la nyumbani), niliwatambua ndege kwa milio kabla sijawaona, na wenzangu waliniuliza mimi kila mlio mgeni uliposikika. Mjomba wangu, mpagazi wa mlimani, ndiye aliyewaeleza wazazi kwamba uwezo huo una kazi yake. Nikasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu 1963, na leo ninaongoza watalii. Huko porini, hata miguu ilipochoka, hamu ya kuchora nyayo za wanyama daftarini haikuisha.

Mchangiaji wa Arusha:
Shikamoo wakubwa. Mimi nilikuwa nazimudu hesabu, kwa hiyo baba alitaka niwe mhasibu; nilimweleza kwa heshima kwamba kulimudu somo ni jambo moja na kuwa na kipaji chake ni jingine. Sasa ni fundi umeme wa magari. Gari la watalii likirudi kutoka Serengeti taa zikiwaka na kuzimika, wengi hukimbilia kubadilisha balbu, lakini mimi hufuata waya wa hasi hadi pale unapofungwa kwenye chesisi (fremu ya gari), kwa sababu mitikisiko ya barabara hulegeza nati na kutu huingia. Kutafuta chanzo namna hiyo hakujawahi kunichosha.

Mchangiaji wa Moshi:
Nina binti wa kidato cha nne anayependa sana wanyama, na simzuii. Ninachotaka kujua kwa mwanzisha mada ni hiki: Aprili na Mei, masika yanapopunguza wageni, mnaishije?

Mwanzisha mada:
Dada yangu, swali lako ni la msingi. Miezi hiyo mimi huwafundisha waongozaji chipukizi kutambua ndege, nao hunilipa kidogo. Pia nina migomba na kahawa kihambani. Mshauri binti ajifunze lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza mapema, kwani waongozaji wanaozungumza Kijerumani au Kifaransa hutafutwa sana.